Kuku wa Faini

Mimi ni mtu wa nchi ya joto na tambarare, kule Kenya kando ya Ziwa, ambako ukimtuma mtu dukani unamwona akienda mpaka akirudi. Nilipokuja kufundisha hisabati katika shule moja ya kanisa kwenye milima ya Usambara, kitu cha kwanza kilichoniudhi ni kwamba sikuweza kumwona mtu akija. Anachomoza tu kwenye kona, kichwani ana tenga la kabichi, anakusalimu kwa heshima zote, halafu ukungu unamchukua. Nilikuwa msichana mwenye hasira za karibu na viatu visivyofaa. Nikajiambia nitamaliza mkataba niende zangu. Mkataba ukaisha, nikaomba mwingine.

Shule haikuwa na nyumba za walimu za kutosha, kwa hiyo nilipewa chumba kwa mjane mmoja wa Kiislamu, njia ya kwenda Rangwi, kwenye mteremko ulio chini ya mfereji wa maji. Kila mtu alimwita Mama, na mimi nikamwita hivyohivyo. Yeye aliniita Mwalimu kwa siku mbili. Siku ya tatu, alfajiri, aligonga mlango wangu kwa mpini, na nilipofungua akanikabidhi jembe.

“Mgeni siku mbili,” alisema. Hakuimalizia methali, kwa maana hata sisi Wakenya tunaijua.

Tangu hapo sikuitwa tena Mwalimu mle ndani. Nilikuwa mwanangu nikifanya vizuri, na nikiharibu niliitwa kwa Kisambaa jina ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Niliamkia wakubwa wote wa njiani, niwajue nisiwajue, baada ya mzee mmoja kuninyamazia wiki nzima kwa sababu nilimpitia na “habari yako” kama rika langu. Nilijifunza kupalilia maharage kwenye matuta ambayo kwetu tungewaachia mbuzi. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, Mama alinitupia sweta la marehemu mumewe, akasema nilivae kabla hajalazimika kuwaeleza Wakenya nimekufa kwa nini.

Juu kidogo ya nyumba ulipita ule mfereji, unaotoka kwenye ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi ili kila shamba lipate maji kwa zamu. Mfereji haujisafishi. Kila kiangazi hutangazwa msaragambo, kazi ya wote, na kila nyumba hutoa watu wake na majembe yao. Msimamizi huziita nyumba mojamoja. Nyumba isiyotoa mtu, au iliyotoa mtu akakaa bure, hutozwa kuku. Huyo kuku haendi kwa mtu binafsi. Huchinjwa palepale na mmoja wa Waislamu ili wote waweze kumla, huongezewa viazi vingi, na aliyetozwa hucheka na wenzake huku roho ikimuuma.

Msaragambo wangu wa kwanza nilikwenda na jembe, lakini nilikwenda na ualimu wangu pia. Shuleni watoto hulima, mwalimu husimama kivulini akaelekeza. Basi nikaegemeza jembe kwenye mti, nikaweka mikono nyuma, nikaanza kuwaonyesha watu wazima mahali pa kuchimba. Walinisikiliza kwa adabu kabisa. Wakaitikia, “Sawa, Mwalimu.” Kazi ilipokwisha Mama akatozwa kuku.

Hakunigombeza. Alimkamata kuku wake, tena mtagaji, akampitisha mbele ya uso wangu ili nimtambue vizuri, akaenda kumtoa. Lakini kwa wiki kadhaa, kila nilipothubutu kuuliza mbona siku hizi hakuna mayai, jibu lilikuwa moja tu: “Muulize kuku.”

Hayo ni ya zamani. Sasa nimestaafu, nina mvi, nina miwani ya kusomea na miwani ya kuitafutia ile ya kusomea. Mwaka uliopita nilimzika mama yangu mzazi. Watu huniambia pole na kwamba umri wake ulikuwa mkubwa, na ni kweli, lakini hawasemi kwamba siku ile unapomzika mzazi wa mwisho unapandishwa cheo bila kuombwa. Hakuna tena wa kukuita mtoto. Nilikaa na jambo hilo miezi, likinikereketa, mpaka mwanafunzi wangu mmoja wa zamani akanipigia simu kutoka Lushoto akanitajia, katikati ya habari nyingine, kwamba Mama bado yupo. Nilifunga begi mwezi huohuo, Agosti.

Kwa hiyo niseme wazi kilichonipeleka, maana naona watu wanaorudi mahali husingizia milima. Milima ni mizuri, sikatai. Nilikwenda kuona kama kuna nyumba moja iliyobaki duniani ambako mimi ni mtoto.

Barabara ya kutoka Mombo bado inapanda kwa kona zilezile, na Soni bado wanauza peasi kwenye ndoo ndogo. Lushoto nilishuka, nikachukua bodaboda. Kijana aliniendesha kwa mwendo ambao ulinifanya nikumbuke sala zote. Nguzo za umeme zimefika mpaka kwenye miteremko ambayo zamani hata tochi iliona tabu kufika. Njiani mama mmoja mnene, mjukuu mgongoni, aliniangalia mara mbili, akapiga goti kidogo: “Shikamoo, Mwalimu!” Nilimfundisha kidato cha pili. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya bibi, nikashangaa ilivyonitoka kirahisi.

Nyumba ya Mama haikuwepo. Mahali pake pana nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, vigae sebuleni, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma. Mwanawe wa mwisho, ambaye nilimwacha akiwa hajaanza shule, anafanya kazi Tanga na huja mwisho wa mwezi. Nyumbani yupo mkewe, mwanamke mchangamfu, mwepesi wa mikono, ambaye hakuwahi kuniona. Na barazani, kwenye kiti cha plastiki, kanga juu ya sweta, alikaa Mama, mdogo kuliko nilivyomwacha.

Nikapiga magoti. “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, Mwalimu,” alisema. “Karibu, mgeni wetu.”

Alinishika mkono, akaniuliza habari za safari, habari za Kenya, kama huko kuna mvua. Alikuwa mpole mno. Mama niliyemjua hakuwa mpole. Baada yangu walipanga kwake walimu wengi, wa jiografia, wa kilimo, wa dini, na nikaanza kuhofia kwamba ametukunja wote pamoja kama kanga kwenye sanduku na sasa hajui ipi ni ipi. Usiku huo aliniuliza tena kama Kenya kuna mvua.

Mkwewe alichinja kuku kwa ajili yangu. Nililetewa soda na kitambaa cha kufutia mikono, nikawekwa kwenye kochi peke yangu na paja lote la kuku. Nilipoinuka kwenda jikoni alinizuia mlangoni.

“Hapana, Mwalimu, wewe kaa. Watu watanisemaje, mgeni anamenya viazi nyumbani kwangu?”

“Mimi si mgeni,” nilimwambia.

“Haya, basi kaa hivyohivyo, usiyekuwa mgeni,” alisema akicheka, akanirudisha kwenye kochi.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Nilikwenda shuleni, nikaonyeshwa maabara, nikapigwa picha. Nikarudi, nikaandaliwa maji ya moto ya kuoga. Niliandaliwa mpaka nikataka kulia, na sisemi hivyo kupamba. Nililala chini ya blanketi jipya lenye picha ya chui, nikawaza kwamba kesho mchana naondoka, na kwamba nimesafiri mbali kuja kuthibitisha kuwa mimi ni mwalimu mmoja aliyewahi kupita.

Asubuhi ya tatu kengele ya msaragambo ililia. Siku hizi hugongwa rimu ya gari, lakini kazi ni ileile. Mkwe wa Mama alikuwa tayari na jembe begani. Nikamwomba na mimi nitafutiwe jembe. Akakataa katakata. Nikamwomba basi nibebe hata chupa ya chai. Nayo akaishika mwenyewe. Tulipotoka Mama alikuwa amekaa barazani akitazama bonde, wala hakugeuka. Nikamfuata mkwewe mikono mitupu, na kule juu akanitafutia jiwe safi, akalitandikia kanga yake, akaniketisha nitazame.

Msimamizi ni mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Aliziita nyumba, zikaitika, majembe yakaanza. Nilisikia harufu ya tope lile na majani yaliyooza, ikanipeleka mbali sana. Kila aliyepita alinisalimu vizuri. Nami nilikaa juu ya kanga yangu kama sanamu.

Walipopumzika kunywa chai, mzee alisimama kusoma hukumu zake. Nyumba moja haikutoa mtu: kuku. Halafu akageukia upande wetu.

“Nyumba ya Mama pale chini. Nimewaona watu wawili. Mmoja amechimba. Mwingine amekaa juu ya jiwe toka asubuhi. Kuku.”

Mkwe wa Mama aliruka. “Mzee, jamani! Huyu ni mgeni wetu kutoka Kenya!”

“Mgeni?” Mzee alininyooshea kidole. “Mimi huyu nimechimba naye mtaro huu nikiwa kijana. Aliwahi kutuamrisha hapa.”

Watu wakacheka. Nilisimama, nikasema kuku nitamnunua mimi, yaishe. Kelele zilipopanda ndipo nilipojua nimezidi kuharibu: faini hailipwi na mtu, hulipwa na nyumba. Wengine wakasema mgeni hatozwi, tangu lini mgeni akatozwa. Wengine wakasema aliyewahi kuitwa mtaroni si mgeni tena. Mkwe wa Mama alikuwa karibu kulia kwa aibu, na mimi nilitaka mfereji unimeze.

“Basi aulizwe mwenye nyumba,” alisema mzee. “Akisema ni mgeni, yamekwisha.”

Kule watu hawatumani kwa jambo kama hilo. Mzee alisogea ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa Kisambaa, akirefusha kila neno mpaka likafika chini. Bonde zima lilisikia. Watu waliokuwa kwenye karoti ng'ambo ya pili waliinua vichwa. Mkwe wa Mama alinitafsiria kwa sauti ndogo, ingawa nilikuwa nimeelewa: anamuuliza huyu uliyenaye ni mgeni, au ni wa kwako?

Nilimwona pale barazani, kanga na kiti. Hakujibu. Sauti yake haiwezi tena kupanda mteremko, na huenda hata hakusikia. Nikajisemea, sema mgeni, Mama, uokoe kuku wako, nitaelewa. Sikuwa nasema kweli. Nisingeelewa hata kidogo.

Kisha akainuka. Ilimchukua muda. Alishika nguzo, akashuka kizingiti, akazunguka nyuma ya nyumba kwa hatua zake ndogo, tukampoteza. Hakuna aliyerudi kwenye kazi. Alipotokea tena, mkono mmoja ulikuwa ukutani, na mkononi mwingine kitu cheupe kilikuwa kikipigapiga mabawa.

Mtaro wote ukapiga vigelegele. Mkwe wa Mama alinipiga bega kwa nguvu ambazo hupigwi nazo ukiwa mgeni.

“Wifi!” alisema. “Mbona umetuponza? Haya nenda ukamlete huyo kuku, mimi miguu imechoka.”

Nilishuka ule mteremko nikikimbia, na miwani yangu, na umri wangu. Nilifika nikiwa nahema. Mama alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kuku kamlaza mapajani, miguu kaishika. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, vile alivyokuwa akinitazama nikitoka kupalilia na kuacha magugu.

“Huyu wa pili unanilipisha,” alisema. “Na wa kwanza alikuwa anataga.”

Nilikaa sakafuni, nikaweka kichwa kwenye goti lake, kuku katikati yetu akilalamika. Akaniacha hivyo kidogo, si sana, kisha akanisukuma kichwa.

“Siku mbili nimekunyamazia, maana mkwe wangu anapenda wageni,” alisema. “Leo ya tatu. Jembe liko nyuma ya mlango, mwanangu.”