Golikipa Asiyecheza Jumamosi

Kutoka Magunga barabara iliteremka hadi Sindo, kando ya ziwa, na mgeni aliposhuka garini alidhani amekosea mji. Kwenye saruji wanapoanikia omena, dagaa wa ziwa hilo, wasichana sita waliovaa viatu vya magurudumu walikuwa wakifukuzana kwa magongo. Kochi wao, Zilpah Nyamoita, alikaa kwenye kreti ya soda akikanda goti.

Zilpah alijifunza hoki ya barafuni akiwa mfagiaji katika hoteli moja Nairobi iliyokuwa na uwanja wa barafu. Wateja walipopungua, alijaribu viatu vyao vya kutelezea. Alicheza miaka kumi na mmoja, magoti yakachoka, akarudi ziwani, ambako barafu ni ya kuwekea samaki tu.

Wiki hiyo timu yake ilialikwa Nairobi kwa mara ya kwanza. Wachezaji wawe sita, golikipa akiwemo. Wakipungua, mechi hakuna. Zilpah alikubali kwa simu kabla ya kuuliza siku.

“Ni Jumamosi,” aliwaambia, bila kumtazama Damaris, golikipa.

Damaris akaanza kufungua pedi zake za miguuni, zilizoshonwa kwa sponji ya jaketi kuukuu la mvuvi. “Siendi, Kochi. Ni Sabato.”

“Mama amekukataza?”

“Hata sijamwambia. Ni mimi nimekataa.”

“Basi golini tuweke beseni la omena,” Nyangi, mmoja wa wenzake, akasema. “Hilo haliendi kanisani.”

“Weka. Na bado utapiga nje.”

Wenzao walicheka. Zilpah hakucheka. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alicheza siku ya Sabato, na mama yake akasikia jina lake redioni. Mama hakumgombeza. Aliacha tu kumwekea nafasi kwenye benchi la kanisa, na hadi alipofariki hakumwekea tena.

“Nipe hizo pedi,” Zilpah alisema.

“Na goti, Kochi?”

“Litakuja na mimi. Litaenda wapi?”

Ijumaa alfajiri Damaris alikuja kuwasaidia kupakia magongo. Nyangi akamsogezea begi, kisha akamgonga bega. Zilpah alipanda wa mwisho, mguu mmoja kwanza, ule mwingine akauinua kwa mikono miwili. Gari lilishika njia ya Homa Bay. Mgeni, aliyekuwa amepanga chumba wiki nzima, alibaki kando ya barabara na Damaris, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani.