Mshona Viatu wa Ndama na Mguu wa Mwalimu Celestina

Kama kudharau watu kungekuwa na pensheni, Mwalimu Celestina wa Kamuli angelipwa mara mbili. Aliwadharau makarani wa Rubwera kwa sababu walikunywa chai hadi saa tano. Aliwadharau waliotia sukari kwenye rubisi, pombe ya ndizi, na waliopalilia migomba yao huku wakiongea na simu. Lakini hao wote walikuwa mazoezi tu. Mtu aliyemdharau kwa moyo wake wote, kwa akili zake zote na kwa nguvu zake zote alikuwa Adelard, kijana wa Ndama aliyetaka kumwoa Vero, binti yake wa pekee.

"Mshona viatu!" alisema, siku mshenga alipokuja. "Nimesomesha mtoto hadi chuo kikuu, leo akalale na harufu ya gundi?"

Mshenga alikuwa Mzee Kashaija, mtu mpole mno kwa kazi ile. Alitafuna punje za kahawa alizokaribishwa, akavuta pumzi. "Mwalimu, huyu si wa kukaa chini ya mwavuli pale stendi. Huyu anabuni viatu vya kifahari. Jozi moja laki tano."

"Laki tano! Kiatu au mbuzi watano?"

"Wateja wanaagiza hadi kutoka Kigali, Mwalimu."

"Kigali nako wajinga hawakosekani."

Wala usidhani alikuwa anaongea asichokijua. Alimjua Adelard tangu kijana akiwa mtoto wa makamasi. Alimfundisha darasa la nne kule Ndama, kabla hajahamishiwa nyumbani Kamuli. Baba yake alikuwa mchuna ngozi machinjioni, na mtoto alikuja shule peku, damu ya ng'ombe kutoka kazini kwa baba imemkaukia kwenye kaptula. Kila Jumatatu Mwalimu Celestina alikagua miguu paredi, fimbo mkononi. Mwenye funza alichapwa, na Adelard alikuwa na funza. Kwa hesabu ya mwalimu, mtoto yule hakuwa na mbele wala nyuma, na alimwambia hivyo mbele ya shule nzima.

Darasa la saba akafeli. Mwalimu aliposikia, alisema, "Si niliwaambia?" Kijana akaenda Kayanga kwa Fundi Abdillah, mzee ambaye watu wake walitoka Tanga zamani, aliyeshona makubazi ya ngozi. Miaka miwili alisugua soli tu, sindano akiitazama kwa mbali. Wa tatu ndipo akakabidhiwa shazia, sindano nene ya ngozi, na uzi. Fundi Abdillah alipozeeka macho, kijana akaenda Mwanza kujifunza kulainisha ngozi, akarudi na wazimu wake: ngozi za ng'ombe wa pembe ndefu, zile ambazo baba yake alikuwa akizitupia mbwa, akazifanya laini kama shavu la mtoto. Akawa anachora kiatu kwanza kwenye karatasi, siku nzima, kisha anachonga kalibu ya mti kwa kila mteja, mguu wa kulia na wa kushoto, anaandika jina la mwenyewe na kuitundika ukutani. Bibi harusi mmoja wa Bukoba akavaa viatu vyake, picha ikazunguka kwenye simu za watu, na kuanzia hapo wakaja wenye magari. Sasa alikuwa na duka la vioo Kayanga na mafundi sita.

"Hata akijenga ghorofa," alisema Mwalimu Celestina, "bado anashika miguu ya watu."

Hapo kwenye kushika miguu ndipo palipomuuma. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili. Vingine vitatu viliondoka na funza, akiwa na miaka saba, kwenye kibanja cha migomba cha mama yake hapo hapo Kamuli. Tangu awe mtu mzima, mtu mmoja tu aliyewahi kuuona mguu ule alikuwa mume wake, marehemu Gaudiosus, naye alizikwa na siri hiyo. Vero mwenyewe hakujua. Alikua akimwona mama yake analala na soksi, akadhani ni baridi. Miaka thelathini mwalimu alivaa viatu vya kufunika, cha kushoto akikijaza matambara, akaburuza mguu kidogo na kusema ni baridi yabisi. Mtu aliyechapa watoto wa watu kwa funza! Afadhali afe kuliko ijulikane.

Na Vero, katika vijana wote wa Karagwe na Kyerwa, akamletea nani? Mshona viatu. Mawe, mama yangu!

Alipoona binti hang'oki, akakubali shingo upande, akajikinga kwa mila. Kijana alipokuja kujitambulisha mwezi Machi, mvua imetoka kunyesha na ua wote ni tope, akamkuta amesimama mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Adelard.

"Marahaba. Na uniinamishie macho. Mimi ni mama mkwe wako, si mteja wako. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni."

Adelard akainamisha macho, akatazama chini. Mwalimu akavuka ua kutoka jikoni hadi sebuleni, polepole, kwa fahari, ili kijana akae na adabu yake kwa muda mrefu iwezekanavyo. Moyoni alifurahi sana.

Kisha likaja suala lenyewe. Siku ya kumtoa binti, upande wa bwana harusi humvisha mama mzazi nguo na viatu mbele ya wageni, na kwa kuwa bwana harusi alikuwa ndiye huyo, wilaya mbili zilikuwa zinasubiri viatu. Mzee Kashaija akatumwa kuomba kipimo. Mama asimame kwenye karatasi, miguu ichorwe, basi.

"Ulete karatasi," akasema mwalimu, mpole ghafla.

Akamwita jirani yake Agnetha, mwanamke mwenye miguu midogo mizuri kama ya kuchongwa, akamsimamisha juu ya karatasi na kumchora. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Viatu vikija, atakishika kimoja mkononi, atakiinua watu wakione kilivyo kidogo, atasema, "Fundi wenu wa Kigali hajui hata kupima." Vyake hatavivua. Mguu utabaki salama, na kijana atachekwa na wateja wake wote kwa mpigo. Mdharau mwiba guu huota tende, wahenga walisema, lakini Mwalimu Celestina aliamini methali ni za kufundishia watoto.

Siku ikafika, turubai likafungwa kibanjani, watu wakajaa. Walikuwepo wakubwa wa Rubwera na wafanyabiashara wa Kayanga, wengi miguuni wamevaa kazi ya Adelard. Mama akaitwa, akaketi kwenye kiti cha mbele. Shangazi wa bwana harusi, Eugenia, mwanamke wa sauti, akamfunga kitenge, akamvisha koti, vigelegele vikapanda. Kisha akaleta boksi. Mwalimu Celestina akanyoosha mkono, maneno yake yako tayari mdomoni.

"Hivi mama atavaa chumbani mwake," akasema Shangazi Eugenia, na uso ulionyesha kabisa kwamba halikuwa wazo lake. "Ndivyo bwana harusi alivyoagiza. Havifunguliwi hapa."

Watu wakaguna. Mwalimu, ambaye hakuwa amejiandaa kwa hilo, akachukua boksi, akaingia ndani, akafunga mlango.

Viatu vilikuwa vyeusi, vya kisigino kifupi, ngozi yake inang'aa bila kelele. Akatia mguu wa kulia, ukatulia. Akatia wa kushoto, na hapo akakaa kitandani kwa nguvu. Ndani ya kile cha kushoto, mahali pa vidole visivyokuwepo, palikuwa na mto wa ngozi uliochongwa na kulainishwa, ukakumbatia kovu lote bila kuliumiza. Akasimama na kutembea hadi dirishani. Mguu haukuburuza.

Chini ya boksi aliikuta karatasi ya miguu ya Agnetha, imekunjwa vizuri, haijaandikwa neno. Akaelewa. Siku ile ya tope! Alimwamuru atazame chini, akapita mbele yake hatua ishirini, na fundi akasoma ardhini kila kitu, unyayo kwa unyayo, hata mahali ambapo ncha ya kiatu cha kushoto haikuzama. Mjinga nani sasa? Mwalimu alijitukana kwa Kinyambo, taratibu, matusi ambayo hakuwahi kumruhusu mwanafunzi.

Nje vicheko vilikuwa vimeanza. Shangazi Eugenia alisikika wazi: "Nilimwambia lete tumvishe, watu waone. Amekataa! Kiatu cha kuficha ni kiatu gani?" Mshereheshaji akadakia kwenye kipaza sauti kwamba labda ni vya mtumba, turubai zima likaangua kicheko. Bwana mmoja wa Rubwera akasema ameagiza viatu vya harusi yake, kesho anafuta oda. Adelard alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono nyuma. Neno moja lingemwokoa, naye hakulisema.

Ndicho Mwalimu Celestina alichokuwa akiomba tangu Machi. Alikuwa amekipata chote, na hakikumpendeza. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya kama alivyokaa miaka yote, na aibu ingebaki kwa mtoto wa mchuna ngozi. Akasimama dirishani akiwasikiliza wakicheka, hasira ikampanda. Wajinga hawa!

Akafungua mlango, akatoka. Alitembea ameinua kichwa, mguu haujivuti, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akaketi kwenye kiti chake. Akainama, akavua kiatu cha kushoto. Akavua na soksi. Vero akaweka mkono mdomoni.

"Tazameni vizuri," akasema. "Vidole vitatu vimeliwa na funza, hapa hapa, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nimewachapa nyie na watoto wenu kwa funza miaka thelathini, na mwenye mguu mbovu kuliko wote nilikuwa mimi. Huyu kijana alijua. Nilimpa kipimo cha uongo ili mumcheke, naye amenyamaza mkamcheka. Nyie mmekula wali wangu, mmekunywa rubisi yangu, na kufunga midomo robo saa tu kumewashinda."

Mwalimu akamgeukia Shangazi Eugenia, akamnyooshea kiatu.

"Haya, shangazi. Ulitaka kunivisha watu waone. Piga magoti univishe."