Gari la Wagonjwa Lililomfikisha Rukiah Kidepo

Jua halijapanda vizuri juu ya Kibuli, mtaa wa Kampala, na Rukiah Fadhul tayari yuko juu ya ngazi, leso imefungwa kiunoni, anasugua paa la gari lake. Tope ni jeusi, limeganda kama ugali uliolala. Amerudi jana kutoka Mbuga ya Kidepo, kaskazini mwa Uganda, na keshokutwa anaondoka tena.

Bodaboda inasimama kando. Dereva wake analitazama gari lile jeupe, paa lake refu na mstari mwekundu uliofifia ubavuni.

"Nyabo, mgonjwa ni nani hapa?"

"Mgonjwa alipona, akaenda kutembea," anajibu Rukiah, wala haachi kusugua.

Majirani wanacheka. Wameshazoea. Gari hilo liliwahi kubeba wagonjwa huko Japani; leo linabeba watalii, na usiku linageuka chumba cha kulala cha mwanamke huyu wa Kinubi, mzaliwa wa Bombo, mwenye umri wa miaka arobaini na sita.

Kulipata hakukuwa rahisi. Kwa miaka kumi na moja Rukiah aliendesha magari ya kampuni moja ya utalii yenye ofisi Nakasero, na muda wote huo alibaki kuwa dereva wa mjini. Aliwapokea wageni Entebbe, akawazungusha sokoni, akawarudisha hotelini. Kwa siku alilipwa shilingi elfu sabini. Wanaume waliokwenda mbugani walipata mara mbili yake, bakshishi mbali.

Usukani aliujua, na hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa kitanda. Huko mbugani madereva hupewa chumba kimoja, vitanda vya kupandana, wanaume peke yao. Kila alipoomba safari ndefu, ofisi ilimrudishia swali lile lile: utalala wapi?

"Kuna siku niliwaambia nitalala ndani ya gari," anakumbuka. "Wakanipa safari moja. Nimelala kwa kiti, shingo hivi, magoti yamefika kwa kidevu. Asubuhi naendesha wageni huku nasinzia. Nilijiogopa mimi mwenyewe. Nikasema hapana, hii nitaua watu."

Mwaka juzi aliuza kiwanja alichorithi kwa baba yake, akaanza kuzunguka kwenye mabondi, zile yadi za magari yaliyotumika ng'ambo. Alitaka mambo mawili: alale amejinyoosha, na gari limtoe kwenye matope. Kumbe hayo mawili hayapatani. Magari yenye nafasi ya kulala mengi ni ya lami, na yale ya porini humlaza mtu amejikunja kama jongoo.

Kaka yake Rajab, fundi wa magari, alikuwa na jibu tayari.

"Chukua Land Cruiser. Inapanda hata ukuta."

"Na nilale wapi?"

"Si unakunja kiti?"

"Nimekunja shingo miaka yote, sasa nikunje na kiti?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Rukiah hakutaka kuhadithiwa. Alikwenda bondi na mkeka wake. Kila gari alilopenda, alivua viatu, akatandika, akajilaza. Kisha akasimama kuswali. Kwenye gari la kwanza kichwa kiligonga paa kabla hata hajanyooka. La pili lilikuwa na paa refu, akaswali vizuri, lakini magurudumu ya mbele hayakuvuta. Akashuka, akakunja mkeka.

Akram, muuzaji, alishindwa kuvumilia. Alimwita Hajati, ingawa Rukiah hajafika Makka. Kampala mwanamke wa hijabu mwenye pesa mkononi ni Hajati mpaka ithibitike vinginevyo.

"Hajati, leo tunanunua gari ama tunanunua msikiti?"

"Usiku kule nje iko na fisi, mwanangu. Mimi swala yangu nitafanyia humu ndani. Kama siwezi kusimama, hiyo si nyumba yangu."

Gari la tatu lilikuwa nyuma kabisa, karibu na uzio, vumbi limelifunika. Husemwa chema chajiuza. Hili lilikuwa jema na halikujiuza ng'o. Wanunuzi walifungua mlango wa nyuma, wakaona reli za machela, wakaufunga.

"Watu wanasema iko na majini ya wenye walifia ndani," Akram alinong'ona, kisha akajiuma ulimi, maana alikuwa anajiharibia biashara.

Rukiah aliingia. Alijilaza pale ilipokuwa machela, na miguu haikufika mlangoni. Alisimama, akaswali rakaa mbili bila kuinamisha kichwa kwa ajili ya paa. Madaktari wa Japani walihitaji kusimama humo wakimhudumia mgonjwa, na sasa alikuwa anafaidi yeye. Halafu akatoka, akalala tena, safari hii chini ya gari kwenye changarawe, mpaka akaona kwa macho yake kwamba magurudumu yote manne yanavuta.

"Gari ya wagonjwa inabeba watu wanaenda kupona," alimwambia Akram huku akijipangusa. "Maiti iko na gari yake."

Walikubaliana bei siku hiyo hiyo. Nyumbani mambo yakawa mengine. Rajab, mtu mzima na ndevu zake, hakugusa usukani mpaka gari liliposomewa dua na kufukizwa ubani. Alipopata moyo, akaja na wazo la kufunga kichanja cha mizigo juu ya paa. Dada yake alikataa katakata.

"Gari ya paa refu ni kama mtu amebeba ndoo kichwani," anaeleza Rukiah. "Ukimwongeza mzigo juu, anapepesuka. Mimi mzigo wote nimeweka chini."

Kazi hiyo aliifanya Anselme, seremala Mkongomani mwenye karakana Bukoto. Tangi la maji na betri alivilaza sakafuni, juu yake akajenga kitanda cha kukunja.

"Mama, ulale bila woga," alimwambia alipomkabidhi. "Hii kitanda haivunjike, hata barabara iwe mubaya namna gani."

Ofisi ya Nakasero ilimpa safari moja ya kujaribiwa, shingo upande: walimu wawili wanawake kutoka Denmaki, hadi Kidepo, akiongozana na dereva mkongwe aitwaye Odur. Masharti yalikuwa wazi. Akikwama, asirudi tena na ombi la safari ndefu.

Walipoupita mji wa Kitgum, mvua kubwa ikaanza kumwagika. Mbele yao korongo lilikuwa limekata barabara, na upande mmoja umebomoka. Odur alishuka kwenye Land Cruiser yake, akalitazama lile paa refu.

"Dada, hiyo kabati yako itaanguka. Geuza tu."

Rukiah anakiri kwamba aliogopa. Lakini kugeuza kulikuwa kurudi Entebbe maisha yake yote. Alivua viatu, akashika fimbo, akapita korongo lote kwa miguu akichoma tope, akitafuta panapokanyagika. Aliwashusha wageni, akapunguza upepo kwenye magurudumu. Alijua gari refu likikata mteremko kwa ubavu linapinduka, kwa hiyo alichagua kushuka moja kwa moja na kupanda moja kwa moja, ingawa huko ndiko tope lilikokuwa zito.

"Nikasema bismillahi, nikaingia. Katikati ikalala upande, nikaona ardhi kwa dirisha. Sikukanyaga breki. Nikasema twende, mama, twende! Ikapanda!"

Anapofika hapo anapiga kofi ubavu wa gari kwa furaha. Walimu walikuwa wanaruka kwenye mvua, wamekumbatiana. Odur alirudi kwenye gari lake na kufuata alama za magurudumu ya Rukiah mpaka ng'ambo.

Usiku ule chumba cha madereva kilijaa pomoni, Odur akalala kwenye kiti cha gari lake. Asubuhi alikuja kwa Rukiah akijishika shingo, akamkuta ameshaoga, anakunywa chai.

"Dada, humo ndani hakuna nafasi ya kuongeza mtu?"

"Hakuna, kaka yangu. Nenda bondi."

Siku hizi Rukiah hulaza kichwa katika mbuga za Kidepo, Murchison na Queen Elizabeth. Kampuni imempa mkataba wa msimu mzima kwa malipo sawa na ya wanaume. Gari la pili, nalo lililokuwa la wagonjwa, liko melini kutoka Japani, na yeye ndiye atakayelichukua. Hili la kwanza atalikabidhi kwa Alanyo, binti wa Kitgum mwenye leseni ya udereva ambaye hajawahi kupewa safari hata moja. Kila Jumamosi anamfundisha kusoma miteremko.

Wiki iliyopita alimpeleka Nakasero kumtambulisha. Meneja alimtazama yule binti, akauliza atalala wapi.

"Nikamwambia, bosi, hilo swali tumelizika," anasema Rukiah, macho yakimeta. "Uliza huyu mtoto anaondoka lini."

Meneja akafungua kalenda yake. Alanyo anaondoka Agosti.