Siku Niliposimamisha Muziki Homa Bay

Walisema sitaweza. Walisema mtu akitoka Uarabuni huwa na miezi michache tu ya kujulikana mjini, kisha begi lake hurudi uwanja wa ndege likiwa jepesi kuliko lilivyokuja. Kinyozi wangu pale Suna, mjini Migori, alinitabiria mbele ya wateja, wembe ukiwa shingoni mwangu. "Utafungua duka, utalifunga, utarudi kwa Waarabu. Hakuna mtu wa huku ameuza kompyuta akashiba." Mjomba naye alisema diploma yangu ina kazi moja, kuziba ufa wa ukuta. Hata mchungaji aliyekuja kuombea duka alimwomba Mungu anipe moyo wa kukubali matokeo. Matokeo gani, nilikuwa sijauza hata waya?

Mimi nilisoma teknolojia ya kompyuta nikilipa karo kwa kuchota mchanga mtoni na koleo langu mwenyewe. Huko Doha nilianza kama mlinzi wa mlango wa ghala la vifaa vya elektroniki. Nilipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa nikikagua mashine zilizorudishwa na wateja na kuamua ipi nzima na ipi maiti. Hakuna aliyenishika mkono kunipandisha. Nikarudi kwa hiari yangu, kwa sababu binti yangu alikuwa amenizoea kama sauti ya simu, na nilipokuja likizo alimwuliza mama yake huyu mgeni ataondoka lini.

Kwa hiyo duka lile halikuwa duka tu. Likisimama, ningekaa nyumbani. Likianguka, wakala wa Doha alikuwa na nambari yangu.

Akiba yangu ilitosha chumba, printa na rafu. Pesa za bidhaa ziliniishia njiani. Niliposikia kuna maonyesho ya vifaa vya elektroniki Homa Bay, na wauzaji wakubwa wanakuja na laptop za ex-UK, zile zilizotumika ofisini Ulaya, nilikopa. Nilikopa kwa chama cha akiba cha akina mama ambacho shangazi yangu ni mwanachama, nikakopa kwa shemeji yangu, mwalimu kule kisiwani Mfangano, nikakopa pia kwa jirani yangu mzee wa Kipwani, Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chama kilitoa fungu kubwa kwa sharti moja: pesa yao isafiri kiunoni mwa shangazi, isifunguliwe mpaka yeye mwenyewe aone mashine ikiwaka.

"Mimi ni kufuli," shangazi aliniambia tukishuka Homa Bay, akijipigapiga kiuno. "Ukitaka kunifungua, uwe na sababu."

Maonyesho yalikuwa yamejaa uwanja mzima. Mahema yamepangwa kama soko la siku kuu, spika zikishindana, mtu akiuliza bei anapiga kelele kama amekorofishwa. Kulikuwa na ruta, kamera za mlangoni, benki za chaji, saa zinazohesabu mapigo ya moyo, na mashine moja ya kufagia yenyewe iliyokuwa ikizunguka juu ya zulia huku akina mama wakiicheka kwa jinsi inavyoruka kila kona. Shangazi aliitazama sana. "Na ikifika uani kwenye kuku?" akamwuliza muuzaji. Muuzaji akaizima.

Mimi sikushangaa kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye hema la laptop nikatoa zana zangu: flashi yenye programu ya kupima, chaja yangu, tochi ndogo. Niliwasha kila mashine iliyokuwa mezani. Nilisikiliza feni, nilipima betri, nilikagua bawaba. Vijana wa hema waliacha kazi wakanitazama. Mmoja akasema, "Huyu si mteja, huyu ni daktari." Nilimwambia amesema kweli. Nikatenga mashine chache nzuri, za kuanzia. Kanuni yangu ilikuwa hiyo tangu ghalani: mashine ambayo sijaiwasha si yangu.

Pembeni kulikuwa na rundo kubwa la katoni za laptop limefunikwa turubai. Niliuliza habari zake. Wakaniambia hilo linauzwa lote kwa pamoja, halifunguliwi. Nikalipuuza.

Sasa, mwenye hema alikuwa mtu wa mbali, lakini alikuwa na akili. Alikodi mshereheshaji wa hukuhuku, na mshereheshaji akaleta pakruok pale hemani. Asiyeijua desturi hii ya Wajaluo, ni hivi: kwenye sherehe mtu huinuka, husimamisha muziki, hutoa noti, kisha hujisifu mpaka watu waridhike. Aliye na cha kumjibu naye husimamisha muziki, hutoa noti, hujisifu zaidi. Kwetu huo si ugomvi, ni utamu. Lakini una sheria isiyoandikwa: neno lililotoka muziki ukiwa kimya halirudi mdomoni.

Aliyeanza alikuwa muuza simu mmoja wa Oyugis, mtu mnene mwenye kofia nyekundu. Alikuwa akinijua tangu Migori, sasa alikuwa ameniona nikisifiwa na wale vijana, na hakupenda. Akainua mkono, muziki ukazimwa.

"Mimi ni mvua ya Oyugis!" akanguruma kwenye maiki. "Nikinyesha, vyura wa Migori hujificha uvunguni! Omera, ndugu yangu, kuna watu walikaa Uarabuni wakilinda mlango, wakarudi wanatuambia wanajua kilichomo nyumbani!"

Uwanja ukacheka. Walinigeukia mimi, kwa sababu begi langu la Doha lilikuwa mgongoni na maandishi yake.

Mtu mwingine angeinama. Mimi nilipanda jukwaani. Nikatoa noti, muziki ukazimwa tena.

"Mimi ni moto wa gesi, siwashwi kwa kuni! Diploma yangu niliichimba mtoni kwa koleo! Ndiyo, nililinda mlango, na mlango ule, huyu wa kofia asingepita bila kibali changu! Mvua ikinyesha Oyugis, jueni mimi nimefungua bomba! Na lile turubai mnaloliona pale, pamoja na vyote vilivyo chini yake, leo linalala Migori!"

Kelele zilizopanda pale nazisikia mpaka leo. Na katikati ya kelele hizo nilihisi kitu kikijifunga. Mshereheshaji alikuwa ameshatangaza: limenunuliwa! Kumwomba afungue turubai nikague kwanza kungekuwa sawa na kutoa mchango matangani kisha kudai chenji. Nilimtafuta shangazi kwa macho. Ndiye kufuli, atakataa, nami nitashuka na heshima yangu nikisema wazee wamenizuia.

Shangazi alikuwa anakuja akicheza. Alipiga vigelegele, kanga imelegea, mkono mmoja juu na mwingine ukichomoa pesa za chama kiunoni. "Chukua, nyathina!" alilia, yaani mwanangu. "Chukua, wajue una watu!"

Hivyo ndivyo nilivyonunua rundo ambalo sikuliwasha, na zile nzuri nilizozitenga zikabaki mezani.

Suna, siku iliyofuata, nilifungua katoni. Za juu ziliwaka vizuri. Zilizofuata ziliwaka, zikaonyesha alama ya kufuli na maneno kwamba mashine ni mali ya kampuni fulani ya ng'ambo, ingiza nambari ya siri. Nikajaribu nyingine. Kufuli. Nyingine. Kufuli. Ofisi zilizozitumia zilikuwa zimezifunga ndani kabisa, kwenye ubao mkuu wa mashine, na kulitoa kufuli hilo kunataka kifaa ambacho huku hakipo, na mara nyingi mashine hufa likitolewa. Simu ya mwenye hema iliita, ikaita, kisha haikuita tena. Risiti yake ilisema mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilizifunga tena zile katoni, nikazipanga ukutani, safi, maandishi yakitazama mbele. Mteja akiuliza, nilisema zinasubiri programu. Zile chache nzima za juu niliziuza kwa haraka, pesa yake ikalipa pango.

Habari huku hazihitaji redio. Alhamisi iliyofuata akina mama wa chama waliingia dukani, wote, na karanga zao na kanga zao. Wakakaa juu ya katoni, baina yangu na mlango.

"Mkutano si huwa kwa mwenyekiti?" nikauliza.

"Kwa mwenyekiti kunavuja," akajibu mwenyekiti mwenyewe, mama mwenye sauti ya taratibu. "Tumekuja kukusaidia kukaa."

Tangu hapo wakawa wanakuja kila Alhamisi. Hawakunitukana hata mara moja. Laiti wangenitukana! Walichaji simu zao, waliimba wimbo wao wa kufungua, walihesabu michango yao mbele yangu, kisha mmoja angeuliza kwa upole, "Na hizi tulizokalia, zimeshapata programu?" Shangazi alikaa kona akitazama sakafu, na mimi nilijua wenzake wanamkalia yeye pia, ila kwake hakuna katoni.

Siku nyingine zote zilikuwa za yule mzee jirani. Akitoka msikitini alisimama mlangoni. "Hujambo, mwanangu? Mashine zaendaje?" Zaenda, mzee. "Alhamdulillahi." Akaondoka. Hakuwahi kutaja pesa, na kila salamu ilinibana kama kola ya shati la mtu mwingine. Nilikuwa siwezi kununua nyama mchana. Nilikuwa siwezi kuvaa viatu vyangu vizuri. Nilipokwenda Rongo kununua karatasi, shemeji alinipigia kutoka Mfangano nikiwa bado stendi: "Nasikia umesafiri?" Kutoka kisiwani, maji pande zote, alikuwa ameshajua.

Ndipo wakala wa Doha alipopiga simu. Nafasi ipo, cheo changu kilekile. Nilikaa na simu mkononi, nikagundua kwamba hata mlango huo umefungwa. Mtu asiye na deni huenda ng'ambo kutafuta, mwenye deni hutoroka. Ningepanda ndege nikiwa yule waliyemtabiri, na binti yangu angekulia karibu na kina mama hao wa Alhamisi. Nikamwambia wakala anipe wiki.

Wiki hiyo shemeji alikuja mwenyewe, Alhamisi, mkutano ukiendelea. Alisema amekuja kunisalimu tu. Lakini pia alikuwa na laptop yake kwapani, kioo kimepasuka kwa kukaliwa kwenye boti. Kisumu walimwambia kioo kiagizwe Nairobi, angoje, na mitihani ya wanafunzi wake imo ndani.

Nilikitazama kile kioo. Kisha nikatazama katoni aliyokalia mwenyekiti. Ndani yake kulikuwa na aina ileile ya mashine.

Nitasema nilichojua siku zote, maana elimu haikuwa imenitoroka: kufuli lilikuwa kwenye ubao mkuu tu. Kioo hakina kufuli. Kibodi haina, betri haina, chaja haina. Kilichonizuia ni kwamba katoni ikiwa imefungwa, ndani mna laptop, na maneno niliyoyasema Homa Bay bado yamesimama. Ikifunguliwa kwa bisibisi, mna maiti.

"Mama, naomba usimame kidogo," nikamwambia mwenyekiti.

Nikatoa mashine, nikaigeuza juu ya meza, nikaanza kufungua skrubu.

"Anabomoa!" mmoja akapiga kelele. "Jamani, anabomoa pesa yetu na sisi tunamwona!"

"Mshikeni mkono!"

"Mwacheni," shangazi akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno tangu mikutano ihamie kwangu. "Mwacheni amalize, ndipo mtushike wote wawili."

Nilitoa kioo, nikakipachika kwenye mashine ya shemeji, nikaunganisha waya wake mwembamba, nikabonyeza. Ikawaka. Mitihani yake ikatokea, swali la kwanza likiwa la mito ya Afrika. Shemeji alicheka mpaka akaketi. Akalipa bei ya kioo palepale mezani, ingawa nilimwambia akate kwenye deni langu. "Deni ni deni," akasema. "Hii ni kazi."

Mwenyekiti aliichukua ile pesa, akaitazama pande zote mbili, akanirudishia. Kisha akauliza, "Katoni moja ina vingapi vya hivyo?"

Baada ya hapo nilifungua zote. Nilitundika kibao: vioo, kibodi, betri, chaja, kupachika bure. Shule zilinitumia mashine zao kwa bodaboda. Mafundi wa Kisii na Sori walinipigia kabla ya kupiga Nairobi. Hata mvua ya Oyugis ilikuja kunyesha mlangoni kwangu, kofia mkononi, akihitaji vioo vya wateja wake.

"Omera, punguza kidogo."

"Kwa mvua sipunguzi. Mvua ina vyake kutoka mbinguni."

Alilipa bei kamili, tukanywa soda. Na wakala wa Doha, wiki ilipokwisha, nilimwambia ampe nafasi hiyo kijana mwingine.

Niliwalipa wote siku moja. Niliitaka iwe siku moja, mchana, watu wakiona. Nilianza na mzee jirani, akiwa anapima misumari. Aliipokea bahasha, akaiweka drooni bila kuifungua, akaniambia, "Basi sasa nitakusalimu kwa ajili ya salamu." Shemeji nilimtumia kwa simu, akajibu kwa neno moja la Dholuo, erokamano, yaani asante. Chama niliwalipa mwisho kwa kuwa ilikuwa Alhamisi. Mwekahazina alihesabu, mwenyekiti akahesabu tena, wimbo wa kufunga ukaimbwa.

Wakatoka mmoja mmoja. Shangazi alibaki akitafuta kandambili zake.

"Sasa hakuna anayekushika," akasema. "Ukitaka kwenda, nenda."

"Niende wapi, waya?" nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. "Kuna kompyuta za shule nzima zinaningoja hapa."

Alivaa kandambili zake, akakaa tena.