Barua Niliyoiandika Mimi

Barua ya kwanza niliiandika mimi. Nataka hilo lijulikane, ingawa hakuna anayeuliza tena.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kijijini kwetu karibu na Msambweni. Kampuni moja ya umeme ilikuwa na mtambo wa dizeli nyuma ya zahanati, na moshi wake uliingia hadi chumba cha kujifungulia. Tukasikia wanaleta wa pili. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nikakaa siku tatu nikiandika, kuwaomba watumie nguvu za jua. Fikra hiyo, nakiri, ilitoka kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na huko maji ya kufulia yalipata moto kwa mitambo ya jua iliyowekwa juu ya paa.

Tukaenda nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi. Mimi nilibeba karatasi, yeye akazungumza. Watu walimsikiliza kidogo tu, wakatia dole gumba kwenye wino. Nilipoeleza mimi waliniambia, "Iache hapo, mwalimu, tutaisoma." Punde wakawa wanaiita barua ya wifi. Hata mama yangu mzazi alisema, "Mke wa mwanangu ana ulimi wa asali." Nilikuwa nimekaa naye nikimchambulia mchicha. Sikula siku ile.

Basi kampuni ilipotuma habari shuleni kwamba maofisa waliokuwa waje Jumamosi kutusikiliza sasa watakuja Alhamisi, niliwaambia watu wote isipokuwa wifi.

Alhamisi nikasimama mbele ya watu, nikasoma kurasa zote nne. Ofisa akaniuliza swali moja. "Mwalimu, mitambo hiyo umeiona wapi ikifanya kazi?"

Sikuwa nimeiona popote.

"Wifiyo yuko wapi?" akauliza mama yangu.

"Yuko kazini."

Alinitazama, akajua. Nikaenda dukani kwenye simu, nikapiga hotelini mwenyewe.

Alifika baada ya saa moja na zaidi, bado na sare yake, vidole vimekunjamana kwa maji. Akawaamkia wageni kwa adabu, akasema, "Njooni kazini kwangu mguse maji yale, kama mnaniona mwongo." Wakacheka, na wakaenda naye hotelini.

Mtambo wa pili haukuletwa. Ule wa kwanza ulibaki, ila zahanati ikawekewa umeme wa jua, na wifi akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kuusimamia.

Siku aliyochaguliwa alinifuata uani. "Wifi, mbona hukunambia ni Alhamisi?"

"Nilisahau."

"Haya," akasema taratibu. "Mara nyingine usisahau."

Hapo ndipo ningemwomba radhi. Lakini kina mama walikuwa wamemtunza leso mpya ya kujifunga, nyekundu yenye pindo jeusi, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba rangi ile ingenipendeza mimi zaidi.