Mng'oko Mzima

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Mwalimu wa sayansi alipokuja nyumbani kuniomba niwasindikize watoto wa darasa la nne porini kuchimba ming'oko, vile viazi virefu vya mwituni, kilichonijia kichwani kwanza ni nyoka. Ningekataa, ila binti yangu yumo darasani humo, na alikuwa ameshawatangazia wenzake kwamba mama yake atakuja.

Tulitoka asubuhi, tukapita mikorosho ya nje ya Newala hadi kwenye vichaka. Nilishika fimbo ndefu, nikawa napiga kila kichaka kabla mtoto hajakisogelea. Watoto wakanicheka. Nikawaambia wacheke tu, atakayeng'atwa nitamwacha hukohuko.

Mwalimu aliwaonyesha jinsi majani yalivyonyauka kwa kiangazi huku chakula cha mmea kikiwa kimehifadhiwa chini, kwenye mizizi. Kisha akasema anataka mzizi mmoja mzima, kutoka shinani hadi nchani, waupime na kuuchora. Kwetu hakuna anayechimba mng'oko mzima. Unachimba kiasi, unaukata pale ulipofikia, unafukia shimo na kuacha shina lichipue tena. Mchanga wa huku hauaminiki kwenye shimo refu. Kila mtu anajua hivyo, nami pia, lakini siku hiyo macho yangu yote yalikuwa kwenye majani, yakitafuta nyoka.

Binti yangu ana mikono myembamba na ubishi kuliko wote. Shimo liliposhinda urefu wa mkono wake, alilala kifudifudi, akaingiza kichwa na mabega, akawa anafukua kwa vidole kuufuata mzizi.

"Naiona ncha!" Sauti ilitoka chini, nzito.

Nikageuka. Niliona miguu tu.

Ukingo ukaporomoka. Haukutoa hata kishindo. Mchanga ulimiminika tu kama mtama kwenye kinu, na miguu ile ikaanza kurusha mateke.

Sijui nilifikaje pale. Nilimshika vifundo nikavuta, asije. Niliogopa kumvunja, na niliogopa zaidi kuacha. Mwalimu alipiga magoti akafukua kwa mikono miwili, watoto nao wakafukua, mchanga ukitoka na kurudi. Kisha miguu ikatulia. Nikasikia mtu anapiga mayowe, nikadhani ni mtu mwingine.

"Vuta sasa, mama!" mwalimu akapaza sauti.

Nikavuta, akatoka kwa mkupuo mmoja, nikaanguka chali. Uso wake ulikuwa mchanga mtupu. Mwalimu akamsafisha kinywa kwa vidole, akampiga mgongoni. Kimya. Akampiga tena. Mtoto akakohoa, akatapika mchanga, akavuta pumzi ndefu yenye mlio. Alipofumbua macho alitazama kiganja chake kwanza. Alikuwa ameshika kipande cha mzizi.

"Mama," akalia, "umeukata!"

Watoto waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka huku machozi yanamtoka, akasema kipande kinatosha, watachora hichohicho. Kisha akaniinamia.

"Mama, sasa mwachie."

Sikumwelewa, mpaka nilipotazama mikono yangu. Bado nilikuwa nimemshika mwanangu vifundo vya miguu, na vidole vilikataa kufunguka.