Msafara Uliosimama Malagarasi

Emilian Mahona alikuja kwa Levina mara ya kwanza kama mnunuzi, na Levina alikuwa hajaona mnunuzi mbovu kama yule. Aliingia asubuhi kwenye duka lake la kompyuta na simu za mitumba, njia ya kutoka stesheni ya Tabora, akasalimia kwa adabu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," kisha macho yake yakatua juu ya laptop moja nyeusi na hayakubanduka tena. Akaifungua. Akapapasa vitufe kimoja kimoja kama mzazi anayehesabu vidole vya kichanga. Halafu akasema kwa sauti, mbele ya mwenye mali:

"Hii ndiyo niliyoitafuta miezi minane."

Bei Levina alikuwa nayo moyoni tangu juzi. Akaifuta palepale, akatia nyingine.

Emilian alilipa bila kubisha. Alipokwisha kufunga begi, Levina akamwagizia soda, maana aliyekamuliwa anastahili angalau kinywaji.

"Wewe mwalimu," akamwambia.

"Umejuaje?"

"Una chaki hadi kwenye nyusi. Wa wapi?"

"Puge."

"Ningejua ningeongeza tena. Watu wa Puge hata ng'ombe mnamuuza mkiwa mmemkumbatia shingo. Sikiliza, mwalimu. Ukitaka kitu, usikitazame. Tazama cha jirani yake. Anayeonyesha njaa hupewa ukoko. Ile miezi minane ungeimeza, leo ungerudi nyumbani na kilo mbili za nyama."

"Mbona unanifundisha sasa?"

"Kwa sababu nimeshalipwa."

Emilian alicheka mpaka soda ikampalia. Wiki iliyofuata akarudi, na Levina akajiandaa kwa malalamiko. Kumbe alitaka kona. Kona, meza, na umeme wa sola wa dukani, kila akitoka kufundisha; naye angemtengenezea kompyuta zake zilizolala. Biashara isiyopitisha noti mkononi Levina aliipenda. Walikubaliana kabla chai haijapoa.

Levina alizaliwa Usoke, kwenye tumbaku, na shule yake ya bei ilikuwa dirisha la treni. Akiwa msichana aliwauzia abiria karanga na asali, akinyoosha mikono juu, na alijifunza mapema kwamba honi ya treni ina faida kwa mmoja tu. Abiria akionyesha kwamba anaitaka asali kabla treni haijaondoka, bei hupanda. Muuzaji akionyesha kwamba anaogopa kubaki na chupa, bei hushuka. Kila alichopata maishani, duka, nyumba, ada za watoto watatu bila mume, alikipata kwa kuificha honi yake isisikike.

Emilian alikuwa na honi kifuani, na kila mtu aliisikia.

Alichokifanya pale konani kilimchukua Levina muda kukielewa. Kulikuwa na Smalltalk, lugha ya kuandikia programu, kongwe kuliko Emilian mwenyewe, na kulikuwa na mazingira yake ya kufanyia kazi ambayo ni programu huria: hayana mwenyewe, kila mtu anaweza kuyafungua mpaka ndani na kuyarekebisha huku yanatembea, kama kukaza nyororo ya baiskeli bila kushuka. Watu wa nchi mbalimbali walikutana kwenye jukwaa la mtandaoni kujadili namna ya kuyaboresha. Emilian alimsomea Levina majadiliano yale, akiyatafsiri, na Levina akacheka.

"Huyu anasema mstari mmoja tu, wenzake kumi na saba wamemjia juu! Wanalipwa na nani?"

"Hawalipwi."

"Hata nauli?"

"Hata vocha, mama."

"Basi wanaumwa."

Lakini alipozidi kusikiliza aliona ni soko kama soko. Mtu analeta kitu chake, wenzake wanakishika, wanakigeuza, wanakibonyeza kama wanunuzi wa parachichi, wanataja kasoro. Kikishinda, kinaingia. Kilichomtatiza ni kwamba hakukuwa na anayeondoka na pesa.

Mle ndani ya Smalltalk Emilian alikuwa anajenga kitu alichokiita Msafara, cha kufundishia hesabu. Mwanafunzi anaongoza wapagazi arobaini kutoka Tabora hadi Ujiji: anagawa mizigo, anapima chakula kwa siku za kutembea, anapigia hesabu mwendo. Akikosea, wapagazi wanalala njaa mbele ya macho yake. Watoto wa kidato cha kwanza waliletwa dukani kuujaribu, wakagombana juu ya mtama usiokuwepo kana kwamba ni wa mama zao. Levina, ambaye babu wa mama yake alisimuliwa nyumbani kuwa alibeba pembe za ndovu njia ile ile, alisimama nyuma yao akitazama na kusahau mteja mlangoni.

Msafara ulikuwa umefika ukingo wa mto Malagarasi. Kuvuka kwa mitumbwi kulikuwa hakujaandikwa.

Ndipo Emilian akaambiwa na daktari kwamba ana presha ya macho, ile inayopofusha polepole. Dawa ingepunguza mwendo wa ugonjwa, isingeusimamisha. Alimweleza Levina huku akikaza skrubu, kama anayesimulia habari za mtu wa mtaa wa pili.

"Unaona nini sasa?"

"Naona. Ila vitu vidogo vinanikimbia. Nikipata mwaka mmoja na nusu wa herufi kubwa, naumaliza Msafara. Hata mwaka."

Tatizo lilikuwa herufi hizo. Aliweza kuzikuza, lakini menyu na madirisha yalibaki vilevile, herufi zikakatwa vichwa na miguu kama watu wazima waliolazwa kitanda cha mtoto. Ili kila kitu kikue pamoja ilibidi kugusa injini iliyo chini ya mazingira yote, na injini ile ilikuwa mikononi mwa watu watatu tu. Sehemu yake aliiandika mwenyewe. Ya injini iliwahitaji wao. Akaandaa barua ya kupeleka jukwaani, na siku hiyo, kwa bahati yake mbaya, akamsomea Levina kwanza.

Ilianza hivi: Mimi ni mwalimu, macho yangu yanakwisha, ninaomba msaada wenu.

"Futa," Levina akasema.

"Lakini ndiyo kweli yenyewe, mama."

"Kweli siyo bidhaa. Ukiwaonyesha watu hawa kidonda watakupa pole na bendeji, kazi hawatakupa. Watasema huyu ni ombaomba kutoka Afrika. Nenda kama fundi. Waambie kitu hiki kizuri, kila mtu atakihitaji, mimi hata sina haraka nacho. Uliniambia miezi minane nikafanyaje?"

Emilian aliutazama ule mstari muda mrefu, pua karibu na kioo. Akaufuta. Akaandika kwamba vioo vya siku hizi vina nukta nyingi, maandishi yanaonekana madogo, ingefaa mazingira yaweze kukuzwa. Ilikuwa barua safi, kavu, ya fundi. Levina aliisifu.

Majadiliano yakaenda. Mmoja alisema wazo zuri, lakini litavunja madirisha ya zamani. Mwingine akataka kwanza uchoraji wote uandikwe upya. Wa tatu akaleta njia yake, wakabishana wiki nne juu ya njia hiyo, naye akapotea. Emilian alijibu kila mmoja kwa subira, akarekebisha kazi yake mara sita. Toleo jipya likatoka bila herufi kubwa. Likaja la pili, nalo vivyo hivyo. Miezi kumi na minne ikapita.

Levina aliona mambo mengine. Aliona Emilian anainamisha kichwa upande kama kuku anayetafuta punje. Aliona anapapasa kutafuta kizibo cha chupa ya chai. Siku moja alimimina maziwa kando ya kikombe, akaendelea kuzungumza, maziwa yakitiririka mpaka kwenye chaja mpya tatu, na Levina, ambaye angemfukuza mtu mwingine yeyote, alikwenda kuchukua kitambaa kimya kimya. Walimu wenzake walikuwa wameshagawana vipindi vyake.

Mwishowe Emilian akamwomba amsomee yeye. Kiingereza cha Levina kilikuwa cha kidato cha nne na cha maboksi ya bidhaa, lakini kilitosha. Akayapitia majadiliano tangu mwanzo, kidole juu ya kioo, mpaka akafika kwenye swali la mtu wa Ubelgiji aitwaye Joost, mmoja wa wale watatu wenye injini. Lilikuwa la miezi kumi na miwili nyuma. Joost aliuliza: "Kabla sijaacha kazi nyingine nishike hii, niambieni, kuna mtu hasa anayeumia kwa kukosa jambo hili?"

Chini yake kulikuwa na jibu la Emilian: "Hapana mtu mahususi. Ni suala la ubora tu. Hakuna haraka."

Na chini yake Joost: "Sawa, basi isubiri."

Levina akavua miwani.

"Emilian. Mtu amekuuliza kabisa. Amekufungulia mlango."

"Ulisema nisionyeshe njaa."

"Nilisema kwa wanunuzi!"

"Nami nilijiuliza kama hawa ni wanunuzi," Emilian akasema taratibu. "Nikasema, mama anajua watu kuliko mimi."

Levina akarudisha miwani machoni. Miaka yote ile dirishani pa treni hakuwahi kukutana na soko ambalo mwenye shida ndiye anayepewa kwanza. Hakujua kwamba lipo. Akavuta kiti, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili, na makosa yake yote, ule mstari aliomfutisha: Emilian ni mwalimu, macho yake yanakwisha, anawaombeni. Akatuma. Ilikuwa Jumatatu kabla ya saa sita.

Alhamisi kazi ilikuwa imekwisha. Siku tatu. Watu wanne waliacha shughuli zao, Joost akaifumua injini, mwingine akajaribu, mwingine akatengeneza madirisha ya zamani. Ijumaa asubuhi Emilian alikuja ameshikwa mkono na mdogo wake Flavia, aliyekuwa ametoka Puge kumwangalia. Flavia akaenda sokoni. Emilian akaketi konani kwake.

"Nisomee alivyoandika."

Levina akasoma. Joost anakusalimu. Anasema imeingia, na jina lako liko kwenye orodha ya waliochangia toleo hili. Anasema sehemu uliyoiandika ilikuwa nzuri, hawakuibadilisha hata kidogo. Kisha ulifuata mstari mmoja, naye akauruka, akasoma salamu za mwisho.

"Hakuna jingine?"

"Hakuna."

Emilian akatikisa kichwa. Nje bajaji ilipita na muziki wake, ukafifia.

"Flavia ameniwekea sauti kwenye simu," akasema. "Inasoma barua zote. Smalltalk haiwezi, kwa sababu ile huchora herufi zake yenyewe kama picha, na simu haioni picha. Lakini barua inasoma. Hii nimeisikia leo alfajiri. Mara mbili."

Levina alihisi uso unamwaka. Mstari aliouruka ulisema: Laiti ungetuambia mwaka jana tulipouliza, tungeifanya wiki ileile.

"Sasa umenisomesha ya nini, wewe mtoto?"

"Nilitaka kujua utaniuzia kwa bei gani."

"Enhe?"

"Umenipa huruma bure, mama. Naona ndiyo mara ya kwanza."

Hakusema kwa uchungu, na hilo lilimkata Levina kuliko tusi. Ili mikono yake ipate kazi, akaweka toleo jipya kwenye ile laptop nyeusi, akaufungua Msafara, akakuza. Kila kitu kilikua pamoja, menyu, madirisha, watu. Herufi zilisimama nene na nyeusi, vichwa na miguu kamili. Levina, mwenye miaka hamsini na miwili, aliona hata jina la kila mpagazi bila miwani.

"Inaonekanaje?"

"Inaonekana."

"Wamefika wapi?"

"Mtoni."

"Wamekaa?"

"Wamesimama. Mizigo kichwani."

"Ah," Emilian akasema. "Sikuwahi kuwaandikia namna ya kuitua."

Aliugeuzia ule mwanga wa kioo uso wake, karibu, akaufuata kulia na kushoto, asipate herufi hata moja. Kisha akarudi nyuma.

Jumamosi alikuja kuaga, anahamia Puge kwa Flavia. Aliiweka laptop mezani. Levina alitaka kumpa pesa mkononi, lakini alimjua, sadaka asingeipokea. Kwa hiyo akataja bei, ya chini, ya matusi, kama anavyomfanyia mtu anayemheshimu.

"Kwa bei hiyo?" Emilian akasema. "Ina betri mpya. Nitampelekea yule Ambrosi wa ng'ambo ya barabara."

"Ambrosi hana kitu."

"Atakopa. Mimi sina haraka."

Walivutana nusu saa. Levina alipanda kidogo kidogo, asije akashtukiwa, na Emilian hakuyumba hata mara moja, mpaka wakafika bei ileile aliyoilipa siku ya kwanza, pamoja na kilo mbili za nyama juu yake. Levina akalipa. Laptop ikabaki kwake, na wapagazi wake arobaini, na herufi kubwa ambazo sasa yeye ndiye aliyezihitaji.

Emilian alijadiliana vizuri siku ile, kama mtu wa Usoke. Uso wake ulielekea barabarani tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuitazama ile laptop.